Mkono Mmoja wa Sweta ya Baba Juma

Alhamisi jioni, Kibra. Mwezi wa saba.

Leo jua halikuchungulia hata kidogo. Ukungu ulishuka tangu alfajiri ukakaa bondeni kama mgeni asiyejua kuaga, na mabati yamekuwa yakidondosha maji mchana kutwa bila mvua kunyesha. Nina hasira. Naandika nikiwa nayo, na sijui vizuri ni hasira ya nani.

Nianze na sweta.

Tangu mwezi wa tano namfumia mume wangu, Baba Juma, sweta ya kijani. Kifua chake kiliharibika vitani Burma, na kila baridi ikiingia kinalia kama mlango uliokosa mafuta. Miaka yote ile alimtumikia mfalme wa watu wengine. Siku hizi kazi yake ni moja, nayo haina mshahara: yeye ndiye anayeadhini alfajiri kwenye msikiti wetu. Anatoka gizani, anasimama kwenye umande, anawaita watu.

Wiki hii adhana imemkatikia katikati kwa kukohoa, si mara moja. Wazee wa msikiti wamemwambia kwa adabu sana kwamba, kama baridi inamshinda, yupo kijana anayeweza kumsaidia. Aliporudi nyumbani hakunywa chai. Alikaa kitandani akaitazama mikono yake.

Wakimnyang'anya adhana wamemmaliza. Mimi ndiye ninayelala naye, najua.

Sasa, sweta ya sufu mtu wa hali yangu hainunui. Nainunua vipande vipande. Jumamosi nakaanga maandazi, nayauza kando ya njia, na faida naigawa: unga wa Jumamosi ijayo, mafuta ya taa, na kikibaki kitu, donge moja la uzi kutoka duka la Mhindi hapa Makina. Likikosekana donge, wiki hiyo sindano zinalala. Mwenye duka alinionya mapema. Alisema uzi ule ulitiwa rangi pamoja, na ukija mwingine hautalingana, kwa hiyo nichukue wote. Nikamwambia anikopeshe.

"Mkopo alikufa, mama," akasema. "Sikukuona mazishini."

Basi tukacheka, nikachukua donge langu moja. Hivyo hivyo nimefuma mgongo, kifua, kola na mkono wa kulia. Ulibaki mkono wa kushoto. Madonge mawili tu.

Jana nilikwenda nikakuta kisanduku cha uzi wa kijani kitupu.

"Amechukua mdogo wako," mwenye duka akasema. "Yote mawili. Hata bei hakuuliza."

Hilo la kutouliza bei lilinichoma kuliko lile la kuchukua.

Sikurudi nyumbani. Nilivuka mto nikaenda kwa miguu mpaka Kawangware, maana nilisikia kuna duka huko linauza sufu. Kweli linauza. Uzi mwembamba kama utando wa buibui, na rangi iliyokuwapo ni moja tu, ya chungwa. Niliushika nikaurudisha. Mwadhini mwenye mkono mmoja wa rangi ya chungwa! Watoto wa chuoni wangemwita kasuku mpaka aingie kaburini.

Nikarudi na vumbi miguuni, nikijua nimebakiwa na mlango mmoja, na ndio mlango nisiopenda kuugonga.

Zenabu ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Anakaa mtaa huu huu, chini kidogo. Anapika gini, pombe kali ya magendo. Polisi wanakuja, wanapiga mateke madebe yake, anatozwa faini, kesho yake moshi unafuka tena. Kwa pesa hizo amejenga vyumba viwili vya kupangisha na watoto wake wana viatu.

Tangu tulipomzika mama sijala nyumbani kwake. Hata maji sijanywa. Nikipita nasimama mlangoni, nauliza hali za watoto, naaga. Siku ya Idi akiniletea sinia la chakula napokea kwa mikono miwili, nashukuru, akiondoka namwambia Baba Juma alipeleke kwa maskini. Zenabu anajua. Mtaa mzima unajua, na wako wanaonisifu kwa hilo kuwa mimi ni mwanamke wa dini.

Na mimi, niseme ukweli, sifa hiyo nilikuwa naipenda.

Leo asubuhi nilifunga pesa zangu kwenye pindo la leso nikaenda kwake. Njiani nilikuwa najipongeza. Nilikuwa nimewaza hivi: akinipa uzi bure, ni pesa ya gini, na mume wangu atasimama nao mbele ya Mungu. Nikiununua, ni biashara. Pesa yangu safi inakwenda kwake, uzi unakuja kwangu. Niliona akili zangu zimefika mbali.

Nilimkuta uani anachagua mchele. Jirani yake alikuwa kaketi chini ya ukuta anasukwa nywele na binti yake. Zenabu aliniona akatabasamu.

"Nilijua utakuja," akasema. "Yule mwenye duka aliniambia kuna mke wa polisi anauulizia uzi wa kijani. Nikasema huyu atamwacha shemeji yangu na mkono mmoja. Nikauchukua wote."

Kumbe aliuokoa. Hapo nilipaswa kukaa chini na kumshukuru kama mtu. Badala yake nilifungua pindo la leso nikaweka pesa juu ya kigoda.

Alizitazama kama kitu kilicholetwa na paka.

"Hizi za nini?"

"Za uzi."

"Nimekuuliza pesa mimi?"

"Zenabu, unajua hali yangu. Baba Juma atasali na nguo hiyo."

"Najua," akasema. Akaweka ungo kando. "Basi uzi siuzi, dada. Nitakupa. Lakini keti kwanza ule."

Akaingia ndani, akatoka na sahani. Kisra, chapati zetu za Kinubi, laini na nyembamba, zimekunjwa vile vile alivyokuwa akizikunja mama, na mchuzi wa bamia juu yake. Harufu ilinipiga nikawa mtoto. Mate yalinijaa mdomoni, wallahi, na niliyameza nikisema:

"Nimefunga. Leo Alhamisi."

Zenabu alicheka mpaka akashika mbavu. "Alhamisi ni sunna, kweli. Lakini kulikuwa kumeshakucha nilipopita kwako, nikakuona mlangoni unatafuna muhogo. Au muhogo haufunguzi?"

Yule jirani akakohoa ili asicheke.

Nimemsingizia Mungu saumu isiyokuwapo ili nisile chakula cha mdogo wangu. Hilo limetoka kinywani mwangu, mimi, mwanamke wa dini.

Niliinuka nikaziokota pesa zangu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita, wala hakupaza sauti.

"Dada. Jumamosi maandazi yako yananunuliwa na nani?"

"Na watu," nikajibu.

"Watu gani? Unakaa na karai lako pale njia ya kwangu inapokutana na barabara. Vibarua wanatoka hapa vifua vinawaka, wanataka kitu cha kuuzimia moto huo. Msikitini huuzi hata andazi moja, wana chai yao. Sweta ya shemeji mgongo wake, kifua chake, kola yake, yote imefumwa na walevi wangu. Leo umekuja kuubagua mkono?"

Nikaondoka bila uzi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama kweli sikujua. Nilikuwa na nafasi nyingine za kukaa. Nilijaribu karibu na kisima, maandazi yakalala. Nilijaribu barabarani kwa wapita njia, wakapita. Pale kwa Zenabu karai linakwisha kabla jua halijakaa sawa. Niliona wanunuzi wangu wanayumba. Niliona macho yao mekundu. Wengine walinishikisha pesa huku wananiita malaika. Nilikuwa naketi nimeuelekezea mgongo mlango wake, nikadhani mgongo unatosha.

Baada ya magharibi nilimwambia Baba Juma yote. Alikuwa anakata utambi wa taa, na hakuacha kukata.

"Mama Juma," akasema, "mimi nilidhani unajua."

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Wanapita msikitini wananuka, andazi mkononi. Maandazi yako nayajua, yana kona tatu."

"Na ukala ya nyumbani? Ukanywa chai yenye sukari ya pesa hizo?"

"Nilikula nikaomba toba. Nikala tena nikaomba tena. Ningefanyaje? Ningekwambia uache, tukale nini? Medali?"

Akawasha taa, akaitazama, kisha akasema polepole, kama mtu anayetoa mwiba wake mwenyewe, kwamba yale masinia ya Idi niliyokuwa namtuma apeleke kwa maskini hayakuwa yakifika yote. Alikuwa akipita nyuma ya msikiti, anakaa, anakula kisra. Kila Idi.

"Zinafanana na za mama yenu," akasema. "Na maskini nilikuwa mimi."

Ningecheka kama si uchungu. Mume wangu amekuwa akijificha nyuma ya msikiti kula chakula cha shemeji yake kwa kumwogopa mke wake. Zenabu alijua wanaonunua maandazi yangu akanyamaza miaka yote hii, akaniacha nijivune. Mwenye duka anajua, jirani wa kusukwa nywele anajua. Nyumba nzima na mtaa mzima wamekuwa wakinitunzia usafi wangu kama mtu anavyomtunzia mtoto mwanasesere.

Sijamsamehe Zenabu. Afadhali angenikosea. Mtu akikukosea unajua pa kumweka. Huyu ana haki, na sina pa kumweka.

Sasa hivi Baba Juma amelala. Anakohoa usingizini. Sweta iko mapajani mwangu, mkono mmoja umekamilika na upande wa pili tundu tu la kuingizia baridi. Alfajiri atatoka hivyo hivyo na leso yangu nimemfunga kifuani chini ya kanzu, na akikatikiwa tena mbele ya wazee basi itakuwa kesho ndiyo mwisho wake. Mkono wa pili ungekuwa umeshaanza usiku huu. Uzi uliokuwapo niliuacha kwenye nyumba ya mdogo wangu kwa ajili ya sahani moja ya bamia.

Maandazi sijui nitafanyaje. Unga wa Jumamosi umeshanunuliwa. Mungu akiniuliza nitamwambia unga ulikuwa umeshanunuliwa, na najua jibu hilo ni la mtu wa aina gani. Pengine nitakaa pale pale, ila safari hii nimeuelekea mlango wake, niwaone vizuri wanaonilisha.

Kesho Ijumaa. Wanaume wakishaingia msikitini nitashuka kwa Zenabu. Pesa nitaziacha nyumbani. Nitaketi chini bila kuambiwa, na nitanawa mikono. Nimeandika hapa kwamba siendi kwa sababu ya uzi, nikafuta, maana nilikuwa nadanganya tena. Naenda kwa uzi pia. Mume wangu anaumwa.

Uzi atanipa, namjua. Sahani ndiyo sijui kama atanipakulia tena.