Darubini ya Dola Arobaini na Tisa

Laurel Fork, Kentucky
Jumapili, tarehe 9 Agosti

Kwa ndugu yangu Verlin,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Oma na hao paka wenu wanaolala kitandani kama wamelipa kodi. Natumaini Ohio hamjambo na joto limepungua. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia na macho yote mawili. Sikuulizi habari za sikio. Nitalifikia hilo sikio.

Barua yako niliipata. Umesema Jumamosi ijayo, siku ya kufungua msimu wa kuwinda kindi, utakuja kama kila mwaka, ila safari hii unaacha bunduki ndogo nyumbani na kuleta ile kubwa ya kuwindia paa, na kwamba jirani yangu Estil Mullins ajiandae. Niliisoma mara tatu. Maharage yakaungua jikoni, nikala hivyo hivyo na mkate wa mahindi. Yalikuwa machungu, lakini na mimi nilikuwa mchungu, tukaelewana.

Kwanza nikupe habari za hapa. Nimenunua darubini ya bunduki. Ndiyo, mimi Hobert Slone, niliyekuwa nikisema darubini ni za watu wa mjini na vipofu. Nilikwenda kwa Zella Tackett, pale dukani kwake anapouza misumari, minyoo ya kuvulia na soseji katika kabati moja. Nikamwambia nataka darubini ya ile bunduki ya marehemu baba, ya risasi ndogo za namba ishirini na mbili, na nisifilisike. Alicheka mpaka akashika meza. Akaniuliza, "Hobert, kindi wamekushitaki, au umeanza kukosa shabaha?" Nikamjibu kwamba mimi nalenga vizuri tu, ni miti ndiyo imeanza kusogea.

Yule mama anajua kazi yake, nakwambia. Kulikuwa na darubini kubwa jeusi la dola mia na kumi, linang'aa kama gari la maziko. Nilipolishika akaninyang'anya. Akasema hilo ni la bunduki kubwa, limetengenezwa lione sawasawa yadi mia, na kindi humpigi yadi mia. Kwa yadi hamsini ukilitazama, kichwa kikisogea kidogo tu, ule msalaba wa ndani unahama juu ya mnyama, nawe unaapa umelenga kichwa kumbe umelenga jani. Akatoa kadogo, kenye nguvu ya mara nne tu, hakana vikorokoro vya kuzungusha, kamepimwa yadi hamsini. Dola arobaini na tisa, na pete za kuifungia zikiwemo. Nilitaka ashushe hadi arobaini. Akasema, "Babu, kwa arobaini nakuuzia miwani ya kusomea uifunge na kamba." Nikalipa.

Akaniambia jambo moja zaidi, na hapo hakuwa anacheka. Alisema mzee mmoja alinunua kama hiyo mwaka juzi, akaanza kuitumia kutazamia majirani. Ukitazama kwa darubini ya bunduki, alisema, mtutu nao unatazama. Nikamwambia baba alitufundisha hivyo kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Unakumbuka kofi alilokupiga ulipomlenga yule mwalimu wa shule ya Jumapili? Bunduki haikuwa hata na risasi.

Jumatano asubuhi niliifunga. Zile pete zinakaa kwenye mifereji miwili mgongoni mwa bunduki, kazi ya bisibisi tu. Ikabaki kuilinganisha na shabaha. Nikachukua mfuniko wa kopo nikaupigilia kwenye hikori yako, ule mti unaoketi chini yake kila mwaka tangu baba yuko hai. Kisha nikarudi nyuma yadi hamsini. Verlin, yadi hamsini kutoka hikori yako ni pale kwenye chemchemi. Nikakaa. Nikaweka jicho.

Niliona kila kitu. Niliona kutu ya mfuniko. Niliona mchwa. Na pembeni ya mfuniko, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, niliona tundu dogo la risasi kwenye gome, na gome limeanza kulifumba.

Unajua desturi yetu: kila mtu mti wake, na hakuna kuhama mpaka baba apige mluzi, na tangu baba afe, mpaka wewe upige. Na unajua desturi yako wewe peke yako, ya kuwatundika kindi uliowaua kwenye kitawi pembeni ya kichwa chako, mikia inaning'inia, upepo unaichezea. Mwaka jana nilikaa kwenye mti wangu saa nzima sikuona hata unyoya. Nikachoka. Nikahama. Nikashuka chemchemini, sikupiga mluzi, kwa sababu mimi ni mtu mzima na nani ataniambia. Nikaona mkia wa kijivu unatikisika kwenye hikori. Nikaufyatulia.

Ulipopiga kelele nilijua sauti. Nikapanda tena juu mbio kwa hili goti, ili nishuke kutoka upande wa mti wangu. Ulikuwa umeshika sikio la kushoto, damu inapita vidoleni, ukasema, "Estil! Ni yule mbwa Estil!" kwa sababu na yeye alikuwa amepiga risasi asubuhi ile ng'ambo ya mpaka wa shamba, na kwa sababu ya ule ugomvi wenu wa uzio wa mwaka wa tisini na mbili. Mimi nikakufunga kitambaa. Nikasema, "Huenda." Ni neno hilo moja tu nililosema, Verlin, na limekaa mwaka mzima mezani kwangu kama mgeni asiyeondoka.

Basi nimejidanganya kwamba kosa ni la macho, na macho yana dawa, dola arobaini na tisa. Lakini kibaya zaidi hakiko hapo.

Nilipomaliza kuutazama mfuniko nikageuza bunduki kuelekea bondeni. Baraza la Estil linaonekana kutoka chemchemini. Alikuwa ameketi, kiti amekigeuzia barabara ya Ohio, bunduki mapajani. Habari za barua yako zimemfikia, hapa hakuna siri. Mbwa wake wamelala bila kubweka. Mkewe alileta kahawa, akaiweka, Estil hakuigusa. Nikauona ule msalaba umetulia katikati ya fulana yake, haukuhama hata kidogo. Zella hakuniibia.

Nikawaza hivi: wewe na yeye mkimalizana wenyewe Jumamosi, hakuna atakayewahi kujua. Niliwaza hivyo muda wa pumzi tatu. Kidole kilikuwa wapi usiniulize. Ya nne ilipokuja niliikumbuka ile barua yako, nikakumbuka kwamba na wewe unaweza kuwa ndiwe utakayeuawa. Na hilo, ndugu yangu, lilinijia la pili, si la kwanza. Hapo nikajiogopa.

Nimechomoa komeo la bunduki. Ndicho hicho chuma kilichofungwa kwenye soksi ndani ya kifurushi hiki. Bila hicho bunduki ya baba ni fimbo. Kaa nacho. Soksi ni safi, au karibu na safi.

Kisha nikateremka kwa Estil mikono mitupu, nikamwambia yote barazani, mkewe akisikia. Nilitegemea ngumi. Aliinywa ile kahawa iliyopoa mpaka tone la mwisho. Mwisho akasema, "Nilijua ni wewe. Bunduki ya baba yako inakohoa, haibweki. Nilikuwa nangoja nione kama utaniacha nife." Nikamwambia nilikaribia kumwacha. Akasema, "Najua." Bunduki hakuiweka chini. Alisema hataiweka mpaka asikie kutoka kwako. Lakini alisogeza kiti cha pili kwa mguu, akakiweka mbele ya chake, upande wa barabara. Akaniambia, "Jumamosi utakaa hapo."

Nitakaa hapo. Nimekubali.

Msalimie sana Oma, na paka, na yule jirani yako wa ngoma. Mimi sina zaidi. Nikikosea herufi unajua nilitoka shule darasa la sita kwa hiari ya mwalimu. Ukija na bunduki ndogo, au bila chochote, nitakukaangia kindi na mchuzi mzito na mikate midogo ya moto, na utanipiga unavyotaka baada ya kula. Ukija na ile kubwa, tazama vizuri kwenye kioo cha darubini yako kabla hujafanya lolote. Mtu wa mbele ni mimi. Nitavaa kofia nyekundu unione kwa mbali, na sikio la kushoto nitaligeuzia barabara.

Ni mimi, ndugu yako wa tumbo moja,
Hobert Slone