Chupa Yenye Shingo ya Agaseke

Mama,

Ungekuwepo ungeniambia ninywe maji kwanza ndipo niseme. Nimekunywa, sasa nasema.

Ni Silvestri. Ndiyo, Silvestri wako, uliyekua naye Bujumbura, aliyekuita dada na kula ugali wako hapa Kibagabaga kila Jumapili baada ya misa. Kwenye kilio chako alilia kuliko sisi watoto. Tuliwapa watu juisi yako ya ndizi na tangawizi, kwenye chupa zako, naye akaomba moja abaki nayo kama kumbukumbu. Nikamfungia mwenyewe kwenye gazeti, Mama. Kwa mikono yangu hii.

Juzi nilikwenda soko la Kimironko kununua vitunguu, nikaiona chupa yako inauzwa, jina la Silvestri juu yake. Shingo ile ile iliyochongoka kama kifuniko cha agaseke, kikapu chetu cha kusuka, mistari ile ile inayozunguka kuanzia kitakoni hadi mdomoni, hata ule mmoja uliopinda ubavuni. Unaukumbuka? Ulikuwa unafinyanga mfano wa kwanza kwa unga wa mandazi, kidole kikateleza, ukacheka, ukasema tuuache hivyo hivyo, hata kikapu cha bibi yangu kilipinda. Mshenzi kaiba mpaka pale kidole chako kilipoteleza! Ndani ametia maji ya sukari yenye rangi.

Nikadhani nitakwenda tu ofisi ya usajili niseme. Kumbe ametangulia. Umbo la chupa limeandikishwa kwa jina lake, eti yeye ndiye mbunifu. Mtu asiyejua hata kukunja shati. Kikulacho ki nguoni mwako, ulikuwa ukituambia, na nguo yenyewe ulimfulia wewe.

Mwanasheria niliyempata, dada mmoja mpole aliyekulia Tanzania, aliniuliza kama chupa iliwahi kuonekana hadharani kabla ya hapo. Si ndiyo ugomvi wetu ule? Nilikusihi tuiandikishe kwanza ndipo tuitoe, ukakataa katakata. Kwenye harusi ya Klarisa, mdogo wangu, ukaigawa meza kwa meza, ukifungua mbele ya wageni na kuonja wewe kwanza, kama anavyofanya kila mwenye kinywaji kwetu. Ulinijibu, "Kinywaji kinachofichwa ni cha mchawi." Basi hatukuiandikisha.

Dada yule akanieleza taratibu. Umbo lililokwisha kuonyeshwa watu, na muda ukapita kama ulivyotupita sisi, si jipya tena. Picha za harusi zinatosha kumvua Silvestri umiliki. Lakini zitatuvua na sisi. Nikizipeleka, hakuna atakayeimiliki chupa ile, kila mtu ataweza kuitengeneza. Nikizificha, labda tutaelewana naye.

Na kweli alitaka tuelewane. Alikuja nyumbani kwako na kreti nzima, akakaa kwenye kiti chako, akasema sisi ni familia, ya nini kuchafuana, tufanye biashara pamoja. Hata aibu hana. Akaisukuma moja mezani mbele yangu, imefungwa vile vile, akanikaribisha ninywe.

Nikamwambia, "Onja wewe kwanza."

Unajua uzito wa neno hilo. Kwetu anayekaribishwa kinywaji halisemi, maana anayelisema amemwita mwenziwe mtia sumu. Silvestri aliitazama chupa, akaitazama saa, akacheka. Akasema daktari amemkataza vitu vya sukari. Alipotoka nikamwaga kreti yote mferejini, na harufu yake haijatoka puani mwangu.

Jana nilipeleka picha ofisi ya usajili, zote. Katika moja umeinama mezani unaonja, na Silvestri yuko nyuma yako anacheka, ameshika chupa yake ya bure. Karani alipoiona alitikisa kichwa tu.

Imeniuma, nisikudanganye. Chupa ile ilikuwa kitu pekee ulichoniachia chenye alama ya mkono wako, na nimeitoa mwenyewe. Sasa si yetu. Wala si yake.

Pumzika, Mama. Nakuahidi jambo moja tu: kila chupa itakayotoka jikoni kwako nitaifungua mbele ya anayeinywa, na nitaonja mimi kwanza. Hilo Silvestri hawezi kuliiga.

Binti yako,
Josiane