Tamthilia Aliyonisimulia Mama Yako

Kariakoo, Dar es Salaam

Mwanangu Komal,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kwanza hata kama umenuna. Hujambo? Mumeo Pantaleo mzima? Mimi magoti tu ndiyo yananisumbua. Anayeandika ni Vicky wangu. Mimi na kalamu hatukuwahi kujuana. Nimekupigia simu, ukisikia mama yako anatajwa unakata. Basi soma.

Unajua kila jioni nashuka ghorofa moja kwa mama yako kutazama tamthilia ya Kihindi. Macho yake yameingia ukungu, na mimi Kihindi sikijui. Basi mimi namwambia nani kaingia, kavaa nini, analia au anacheka; yeye ananiambia wanasema nini. Wajukuu wangu wanatucheka mpaka basi.

Mwaka huu wote alinisimulia habari ya mama aliyemfukuza binti yake kwa kuolewa na mtu asiye wa dini yao, kisha kiburi kikamzuia kumwita. Nililia mimi! Nilimtukana yule mama mbele ya kila jirani pale ngazini. Hata mama yako Geeta mwenyewe nilimwambia mwanamke huyo ana roho ya jiwe. Akanijibu kwamba ndiyo, anayo.

Mwezi uliopita Vicky akaniletea tamthilia ileile kwenye flashi, DJ kaitafsiri kwa Kiswahili. Hamna mama, hamna binti! Ni ndugu wanagombania kiwanda cha sukari. Nikaenda mpaka kwenye kibanda cha Filbert, anayeuza hizo flashi, nikamwambia DJ wake mwongo mkubwa. Filbert akacheka, akaniwekea ya DJ mwingine. Kiwanda kilekile. Nikakaa juu ya kreti la soda, ndipo nikaelewa. Mama yako aliapa jina lako halitatajwa tena nyumbani kwake, na kweli hakulitaja. Lakini amekusema wewe mwaka mzima.

Sikumwambia kwamba nimejua. Niliogopa ataacha kusimulia.

Sasa sikia. Jumapili mama yako alipata kiharusi. Upande mmoja umelala, maneno hayatoki. Kaka yako Sagar anasema akipona ndiyo utaambiwa. Daktari alisema hatapona. Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu.

Jana nilishuka kwake nikawasha TV kama kawaida. Watu wakaongea Kihindi chao, yeye kimya, mimi sielewi hata neno. Basi nikasimulia mimi. Nikamwambia yule mama amemwita binti yake, na binti amekubali, yuko njiani anakuja. Mama yako akanishika mkono akaubana, machozi yakamshuka.

Nimekusemea bila ruhusa yako, mwanangu. Kiburi chako nakijua ulikokitoa. Wewe njoo tu. Kunigombeza utanigombeza ukishafika. Msalimie Pantaleo, mwambie naye nimemwita.

Ni mimi ninayekupenda kwa makelele,
Mama Vicky wa ghorofa ya tatu