Mkono Kwanza, Kamera Baadaye

Anti Jesca,

Wageni wamechelewa. Niko hapa stendi ya Olympic kwa benchi ya mama wa chai, nakaa nasimama, nakaa nasimama, mpaka mama wa chai ameniuliza kama kuna mtoto nimemsahau mahali. Nimemwambia sina mtoto, nina watalii. Basi nimetoa simu nikaona heri nikuandikie wewe. Nikimwandikia mtu aliye hai atanipa ushauri, na leo sitaki ushauri wa mtu. Au nautaka, lakini wako.

Wacha nikueleze. Watalii wamerudi Kibera. Si kama enzi zako, lakini wamerudi. Ofisi yetu ya kutembeza wageni ilifunguliwa tena na iko na bosi mpya, kijana wa viatu vyeupe ambaye Kibera huiona kupitia dirisha la gari. Juzi huyo kijana aliniita akaniambia programu imebadilika. Ati wageni wa siku hizi wanauliza korona iliwafanyia nini watu wa hapa. Ati wanataka hadithi yenye hisia. Kwa hivyo leo nikimaliza karakana ya mapambo ya mifupa nisiwarudishe Olympic. Niwapeleke mpaka kwa mlango wako, ule wa bluu kando ya reli, niwasimamishe hapo, niwaeleze jinsi ulivyokufa.

"Ukilia kidogo si mbaya," akasema.

Anti! Ati nikilia kidogo si mbaya! Nilimwambia siwezi. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Akasema tu, "Sawa, Mwende. Kama huwezi, nitampa Brayo. Yeye hana shida kulia."

Wewe humjui Brayo, alikuja baada yako. Ni kijana mzuri, sikatai, lakini huyo anaweza kumwambia Mzungu kwamba reli hii ilijengwa na babu yake. Akisimama kwa mlango wako atasema ulikuwa mama yake mzazi. Kwa hivyo nikikataa, unauzwa na mtu asiyekujua. Nikikubali, ninakuuza mimi. Na hii kazi naihitaji, Anti, nisikudanganye. Bila hii kazi narudi kukaa kona ya Lavington na wale akina mama wengine, tukingoja mtu atoke kwa geti atuite kufua.

Hata hawaonekani, hawa wageni. Labda wamepotea. Mungu wangu, wapotee tu.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponichukua nikufuate? Nilikuwa nimetoka Machakos juzi juzi, Kiingereza nacho lakini njia ya hapa siijui hata moja. Nikakuuliza sheria za kazi ni gani. Ukasema ni moja tu: mkono kwanza, kamera baadaye. Sikuelewa. Tulipofika kwa mama wa omena, yule wa samaki wadogo, mgeni mmoja mrefu kama mlingoti akainua kamera yake kubwa, na wewe ukaweka kiganja chako pale kwa kioo, pap! Nikawaza, leo tumefutwa kazi sote wawili. Ukamshika yule mrefu kiwiko, ukamsogeza, ukamfanya ampe mama wa omena mkono na kusema mulembe, ile salamu ya kwenu. Mama alikuwa na magamba na mafuta mpaka kiwikoni. Akamshika, akamuuliza jina, akamuuliza kama ana mke, akacheka, kisha akasema mwenyewe, "Haya nipige, lakini nitoke mnono." Yule mrefu alinusa mkono wake njia yote mpaka Makina.

Ulikuwa ukisema mtu ukishamshika mkono huwezi tena kumpiga picha kama mti. Ulipenda kulisema hilo mpaka nikawa nakuiga nyuma yako, na wewe unajua, na unajifanya hujui.

Halafu korona ikaja. Wageni wakaisha mara moja, kama mtu amefunga mfereji. Vijana wa karakana ya mifupa walibaki na vipuli na bangili walizochonga, wakawa wanavalishana wenyewe kwa wenyewe wakicheka. Fundi wa nguo wa Makina akaanza kushona maski za kitenge, na watu wakazivaa kwa kidevu. Na watoto, wale waliokuwa wakikimbia nyuma yetu wakiimba "Hawayuu! Hawayuu!", wakabadilisha wimbo. Unamkumbuka yule mama Mzungu aliyeishi huku miaka na miaka, anayejua bei ya sukuma kunishinda? Alipita na kikapu chake, watoto wakatawanyika wakipiga kelele, "Korona! Korona!" Ulitoka nje na mwiko ukawakaripia mmoja mmoja kwa jina. Ukamfuata yule mama umenyoosha mkono. Kisha ukakumbuka. Mkono ukabaki hewani. Nilikuona, Anti. Uliurudisha kiunoni pole pole ukajifanya unafunga leso.

Na ulipoanza kukohoa nilikuletea bakuli la githeri. Mlango ukafunguka kidogo tu. "Mkamba, baki hapo hapo. Weka chini, rudi nyuma." Mikono yote miwili umeificha ndani ya leso. Wewe! Nilikuwa sijawahi kuiona mikono yako imefichwa hata siku moja, na mpaka leo nikiifikiria nakasirika, ingawa najua ulikuwa unanilinda. Nikaweka chini, nikarudi nyuma. Ukaniambia, "Na upunguze chumvi. Nyinyi Wakamba mnatia chumvi kama watu wenye maji kwao." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Chumvi.

Ukafa, ukapelekwa kwenu Vihiga kuzikwa haraka haraka. Barabara za kutoka Nairobi zilikuwa zimefungwa, kibali kilikuwa cha watu wachache wa familia, na mimi ni Mkamba, nitasema ni familia gani? Watu waliokuwa wakivuka bahari kuja kuona vyoo vyetu walikwama kwao, na mimi nikakwama Kibera nikishindwa kufika Vihiga. Binti yako Lavenda alipanga nione kwa simu. Mtandao ukakwama. Nikabaki na nusu ya kaburi na kiatu kimoja cheusi chenye matope. Mazishi yote, Anti. Nilikuzika na kiatu cha mtu nisiyemjua.

Ndiyo maana nilihamia Kawangware, huko Gatina. Watu walifikiri nimekimbia kodi ya nyumba. Ukweli ni kwamba kila njia ya hapa ilikuwa na sauti yako. Nikawa naenda Lavington kufua. Mama mmoja alinifungulia geti kwa mguu, akanipulizia dawa mikononi, viatuni, hadi mabegani, kama ananyunyizia kabichi. Chupi zake nilizishika zote, lakini chai aliniachia kwa ngazi. Nilikunywa. Ilikuwa tamu, nisiseme uongo.

Wageni walipoanza kurudi walikuja na vichupa vya sanitaiza vikining'inia kwa mabegi. Wengine wanasalimia kwa kiwiko. Wengine wanatoa mkono vizuri, halafu wakigeuka tu unasikia fyu, fyu, wanasugua. Mama wa omena alinivuta kando akaniuliza, "Kwani sisi tunanuka?" Lakini usifikiri ni wao peke yao. Hata sisi tulijifunza kurudi nyuma. Wapangaji wa plot moja wanagongeshana ngumi kisha kila mtu na mlango wake. Ule mtungi wa kunawia mikono pale karibu na msikiti bado uko, ila bomba lishang'olewa na kuku anatagia nyuma yake. Na sheria yako sijaitaja tangu nianze tena kazi. Nitamlazimisha nani amshike nani, siku hizi?

Gari hilo. Ni wao. Ngoja, Anti.

*

Nimerudi. Niko kwa Lavenda, nimekalia ndoo, simu inakula chaji. Wacha nikupe yote kabla kichwa hakijapoa.

Walikuwa watano. Wanne vijana, na mama mmoja wa nywele za kijivu, ambaye peke yake alivaa maski. Karakana ilienda vizuri. Tulipofika pale njia inapogawanyika, kushoto Olympic, kulia reli, nilisimama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Kiatu hakina kamba. Kisha nikageuka kulia, kwa sababu nilimwona Brayo kichwani mwangu akijipangusa machozi.

Lavenda, ambaye sasa ndiye anakaa kwa nyumba yako, alikuwa mlangoni anakaanga mandazi. Bosi alikuwa amemwambia tutapita, hakumwambia tutasema nini. Wageni walikuwa wameshasoma programu. Wakasimama nusu duara na nyuso za matanga, simu zimeinuliwa tayari. Lavenda akaniangalia. Yale macho ni yako kabisa, ayaya, yanauliza kabla ya mdomo. Nikaanza kwa kile Kiingereza cha ofisi, kwamba hapa aliishi mwongozaji wetu mpendwa, na sauti ikanipanda juu. Bosi angefurahi, angedhani nalia. Ilikuwa hasira.

Sijui mkono wangu uliinuka saa ngapi. Nilishtukia kiganja kiko kwa simu ya kijana wa mbele, pap! Na mdomo unasema, "Mkono kwanza, kamera baadaye." Kwa Kiswahili. Ilibidi niwatafsirie, nikiwa nimeshajua kazi imeenda.

Lavenda akapangusa mkono kwa aproni akaunyoosha, bado una unga. Hakuna aliyeushika. Kijana mmoja akatoa kiwiko. Lavenda akakitazama kile kiwiko, akamtazama mwenyewe, na mkono wake ukabaki pale pale hewani. Mimi nikaona ule wako, ulivyorudi kiunoni. Nikaomba, Anti, mimi ambaye kanisani huenda kwa harusi tu: Mungu, huu usirudi. Huu usirudi, tafadhali.

Haukurudi. Yule mama wa nywele za kijivu akatoka nyuma, akaushika kwa mikono yake miwili, na hakuuachilia. Akaniuliza kama nilikuwepo ukizikwa. Nikamwambia hapana, barabara zilifungwa. Akasema hata yeye. Mama yake alizikwa na mipaka imefungwa, ikabidi atazame kwa simu. Nikamuuliza aliona nini. Akasema, "Dari." Aliyeshika simu alijisahau, akaonyeshwa dari ya kanisa mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia mimi niliona kiatu. Basi tukacheka! Mungu atusamehe, tulicheka mpaka Lavenda akauliza kwa ukali tunacheka nini kwa mlango wa mama yake.

Nikamweleza. Mandazi yakawa yanaungua.

"Kiatu ni changu," akasema. "Mimi ndiye nilishika simu. Mkono ulichoka."

Miaka hii yote, Anti, nilidhani siku ile nilikuwa na mtu nisiyemjua. Kumbe nilikuwa na Lavenda. Nilimkumbatia na unga wake na mafuta yake na nikalia vibaya sana, si kile kilio kidogo cha bosi. Nililia ile ya kutoa kamasi.

Wale wengine walikuja mmoja mmoja wakampa mkono, na wa kiwiko naye akaja, uso umemwiva. Wakala mandazi, hata yale meusi. Wakauliza ulikuwa mtu gani. Sikuwaambia ulivyokufa. Niliwaambia ulivyokuwa unatembea, mbele mbele kama unamfukuza mwizi, na kwamba kutoka kwa mlango wako hadi Makina ulikuwa unachukua asubuhi nzima kwa sababu ya kusalimia. Mwisho msichana mmoja akamwomba Lavenda picha. Lavenda akakataa. Msichana akasema sawa, na ikawa sawa.

Bosi amepiga simu. Kuna mgeni amelalamika kwamba hadithi iliyoahidiwa haikutolewa. Safari inayokuja ni ya Brayo. Nimemwambia Lavenda, naye hata hakuacha kukanda unga. "Brayo aje," akasema. "Nitamsalimia mpaka asahau alichokuja kusema." Wewe ulizaa, Anti. Mimi labda wiki ijayo niko tena kwa kona ya Lavington. Moyo unanidunda ninapoandika hivi, na sijui kama ni woga au ni njaa, maana sijala tangu chai.

Lakini sikia. Disemba Lavenda anakuja huko nyumbani, na nimemwambia siachwi. Barabara ziko wazi na hakuna wa kuniuliza kibali. Nitashuka pale mnaposhukia, na sitapita mtu bila kumpa mkono, hata kama itachukua asubuhi nzima. Wakiniuliza mimi ni nani kwa familia, nitasema ni yule wa chumvi.

Mulembe, Anti. Pumzika, na nikifika usinifichie mikono. Nitaweka wangu juu ya udongo wako, kwanza. Kamera nitaiacha Kawangware.

Mkamba wako,
Mwende