Daraja la Marehemu Boyd

Jumatatu, 18 Februari

Siku ya arobaini na moja ya kikao. Magoti yananiuma. Kamati ya usalama saa mbili asubuhi, kamati ya barabara saa nane, na katikati mkate wenye soseji ya pepperoni niliokula nimesimama. Miaka kumi na minne niko kwenye bunge la jimbo, bado hakuna anayeniita Mheshimiwa. “Sherifu, jirani yangu ana mbwa mkali.” “Sherifu, vijana wanaharibu masanduku ya barua.” Nyota ya usherifu, ukuu wa polisi wa kaunti, nilishaivua mimi — wao ndio hawajaivua!

Jioni Glenna kapiga simu. Mjane wa Boyd Maynard, askari mwenzangu aliyekufa kwenye daraja la Panther Fork, miaka kumi na tisa sasa. Anauliza azimio limefika wapi, la kuliita daraja kwa jina la mumewe. Nikamwambia litasomwa Alhamisi. Akalia. Ahsante, shemeji, hukutusahau.

Jumanne, 19 Februari

Priscilla, karani wa miswada, kaniletea rasimu nisaini. Binti makini mno. Kila aya inaanza na “Kwa kuwa”. Kwa kuwa Boyd Maynard alitumikia kaunti yake kwa ushujaa — kweli tupu. Kwa kuwa Tully Ratliff, akiwakimbia askari, aliligonga gari la marehemu na kulitumbukiza mtoni…

Nikamuuliza hiyo kaitoa wapi. Kanishangaa.

“Kwenye ripoti yako mwenyewe, Sherifu. Si sahihi yako hii?”

Nikasema tuiondoe, inamuumiza mjane. Akasema mjane ameshaisoma na kuipitisha, na tukiitoa sasa watu watauliza kwa nini.

Nimesaini.

Jumatano, 20 Februari

Sijala. Niandike tu, humu hasomi mtu.

Tully hakugonga gari lolote. Mimi ndiye niliyeziba daraja. Nilikuwa sajenti, nina haraka ya kusifiwa. Alfajiri, ukungu mzito, gari nimeliweka kingamo na taa nimezima ili nimnase. Kanipenya ubavuni, kaenda zake. Boyd alikuwa nyuma yake anamfukuza. Hakuniona mpaka kafika. Akakata usukani. Nikasikia vyuma, kisha maji.

Wa kusema walikuwa wawili, mimi na Tully. Nani angemwamini Tully? Kijana wa miaka ishirini, mlevi, gari la wizi, na alipopindukia mbele huko akapasuka kichwa. Alipozinduka hospitalini hakukumbuka kitu. Kapewa miaka arobaini jela. Mimi mwaka uleule nikagombea usherifu, na picha ya Boyd kwenye mabango yangu! Nikashinda. Kisha ubunge. Chaguzi saba mfululizo, kila mara “mtu wa sheria”.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Yangu mbona haiishi?

Nimempigia mke wangu, Verna, nikamwambia nimechoka, nataka kuacha siasa. Kauliza, umechoka na nini hasa, mzee? Nikasema magoti.

Alhamisi, 21 Februari

Saa nne. Glenna kafika, gauni la bluu, nywele kazitengeneza. Kanivuta pembeni kwenye ngazi. Wiki ijayo Tully anakwenda mbele ya bodi ya kuwaachia wafungwa mapema. Wameshamkatalia mara mbili. Nikajua ataniomba nikampinge.

“Nakwenda kumwombea atoke, shemeji.”

Nikamkodolea macho.

“Usinitazame hivyo. Tunaandikiana barua mwaka wa pili huu. Mwanzo alikuwa anasema hakumbuki. Sasa ameacha kubisha. Anasema, kama Sherifu aliona kwa macho yake, basi nilimuua mimi. Kaniomba radhi, Arlen. Kurasa sita. Nami nimemsamehe.”

Kisha akanipapasa mkono, mimi! “Na wewe msamehe. Hasira ya miaka yote hiyo itakuua.”

Mungu wangu. Kijana kaungama kosa langu. Mjane kasamehe asiyemkosea.

Saa tano na nusu. Niko kwenye kiti changu ukumbini. Glenna yuko juu, roshani ya wageni. Wajumbe wote wamesimama kwa heshima, nimekaa mimi tu — wanadhani ni magoti. Karani anasoma. Kwa kuwa ya kwanza. Ya pili ndiyo ile, kaisoma taratibu, kila neno. Imeingia kwenye kumbukumbu za bunge. Bodi nayo itapelekewa nakala, Priscilla kaniambia asubuhi kwa furaha.

Kamaliza. Spika anasema mleta azimio aseme neno kabla ya kura. Mimi huyo. Naandika nimeinama, wenzangu wanadhani napanga hotuba. Nikisema, Tully anatoka na mimi naingia, na Glenna ananisikia akiwa na gauni lake la bluu. Nisiposema, nitasimama, nitamsifu Boyd, watapiga makofi.

Jirani ananigonga kiwiko. “Sherifu! Amka, mzee, wanakungoja.”

Spika kaita tena. Mtu kaniwashia kipaza sauti. Ukumbi kimya — wote wanasikia kalamu yangu