Ukurasa Ambao Syombua Hakuulizwa

Dada yangu Mwikali,

Nimeisoma tena sura ya mwisho. Ni mara ya nne tangu tukuzike, na safari hii sikuisoma ili nikushinde. Niliisoma polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, kisanduku kimoja cha picha baada ya kingine, nikipatafuta mahali ulipodai hapapo. Hapapo kweli. Nataka ulijue hilo kabla sijakuambia mengine.

Watakaoisoma barua hii hawatujui, kwa hiyo nivumilie nikirudia mambo unayoyajua. Ilikuwa manga, hadithi ya picha kutoka Japani, ya mapenzi, sura tisini na mbili. Msichana amerithi duka la miavuli la nyanya yake katika mji mdogo ambako mvua hunyesha karibu kila siku. Kijana anafanya kazi kwenye kituo cha reli kando ya duka hilo. Niliianza nikiwa chuoni, nikakutumia picha moja tu kwa sababu ya sketi ya yule msichana, nawe ukaniuliza kwa nini marinda yake yamelazwa upande usiofaa. Baada ya wiki mbili ulikuwa umenipita. Wenzangu chuoni waliteseka kuzoea kusoma kinyumenyume. Wewe ulisema ni kama kushona, nguo yote hushonwa kwa upande wa ndani.

Majina ya Kijapani yalikuchosha, ukawapa ya kwetu. Msichana ukamwita Syombua, jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Kijana ukamwita Mutinda, jina la mtoto aliyekawia kuja, kwa kuwa alichukua sura arobaini kulisema neno ambalo mtu mzima hulisema akingoja chai ipoe.

"Huyu ni Musyoka kabisa," uliniambia kwenye simu. "Ni vile tu Musyoka hana kofia ya reli."

Tulicheka. Wakati huo kicheko kilikuwa bado rahisi. Ulikuwa Mukuyuni kwa Musyoka, yeye akinunua na kuuza machungwa, wewe na cherehani yako kwenye baraza ya duka lake. Miaka minne mliishi hivyo. Kila mwaka alisema mbuzi watafika kwetu Kyuso mwezi wa nane, na kila mwezi wa nane kulikuwa na jambo: machungwa yameoza njiani, mjomba wake ni mgonjwa, gari limeharibika. Na kwetu Ukambani mwanamke si mke wa mtu mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa baba yake, na yeye mwenyewe aulizwe mbele ya watu kama wapokewe. Anaweza kumpikia mwanamume na kumfulia mpaka nywele ziwe nyeupe. Bila mbuzi hao bado ni binti wa kwao.

Ulirudi mwezi wa tatu, umevimba miguu, cherehani ikiwa nyuma ya pikapu imefungwa kwa shuka. Figo, daktari alisema. Mama na Baba uliwaambia umekuja kupumzika. Mimi uliniambia chumbani, ukiwa umegeukia ukuta.

"Sirudi, Kanini."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia nikipata nguvu. Na Baba nitamwambia mwenyewe. Wewe usifungue mdomo."

Sikuufungua. Hilo nilikufanyia vizuri mno.

Sura ya tisini na mbili ilitoka Jumanne moja asubuhi. Nilikuwa nimefunga shule. Tulilala kitandani mwako, simu ikiwa katikati yetu, na sikumbuki kama kuna siku tuliyowahi kusoma kimya namna ile. Mutinda, aliyeondoka mjini bila kuaga, alikuwa amerudi kwenye sura ya tisini. Nyanya alikuwa amefariki kwenye ya tisini na moja. Sasa ukurasa wa kwanza ulionyesha mwaka mmoja baadaye, duka limepakwa rangi mpya, na kwenye ukurasa wa mwisho Syombua amevaa gauni jeupe, Mutinda amemshikia ule mwavuli mwekundu uliovunjika sura ya tatu, sasa umetengenezwa. Machozi yalinitoka. Wewe ulirudisha kurasa nyuma, ukasonga mbele, ukarudisha tena.

"Wameharakisha," ulisema.

"Hawajaharakisha. Mwavuli umerudi. Maneno ya nyanya ya sura ya ishirini yametimia. Kila kitu kilipandwa zamani."

"Wewe ni mwalimu, unapenda vitu vikijibizana. Nionyeshe mahali Syombua ameulizwa."

"Ameulizwa nini?"

"Kama anamtaka."

"Dada, amemngoja miaka minane."

"Kungoja si kujibu. Tisini amerudi, tisini na moja msiba, tisini na mbili harusi. Nitolee kisanduku kimoja tu ambacho amesema ndiyo. Kimoja."

Nilisema ukimya wa Syombua ndio jibu lake, kwamba msomaji hahitaji kuambiwa kila kitu. Nilitumia maneno niliyofundishwa chuoni. Ulinisikiliza kwa subira ya fundi anayesikiliza mteja akieleza mshono asioujua, halafu ukaweka kidole kwenye gauni.

"Sasa ona hii. Haina zipu, haina vifungo, haina kamba. Huyu mtu ameingilia wapi?"

"Unatafuta zipu kwenye hadithi ya mapenzi."

"Kila nguo ina mahali pa kuingilia, Kanini. Hii amechorewa akiwa tayari ndani."

Tulibishana mpaka Mama akaita chakula. Nilikuambia una uchungu wa Musyoka na unamtwika mchoraji ambaye hana kosa. Ulikula vijiko vitatu vya uji, ukalala. Baada ya siku kumi na mbili tulikupeleka hospitali Mwingi, na hukurudi nasi.

Siku ya tatu ya msiba Musyoka alikuja na mbuzi watatu na wazee wawili. Sitakudanganya: alilia kweli. Alilia mpaka Mama akamshika mkono. Wazee wake walisema kijana amekosa, amekawia, lakini anataka mke wake alale kwake kwa heshima. Wazee wetu wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa rahisi kuwaelewa. Binti aliyekaa na mwanamume miaka minne, akirudishwa kuzikwa kwa baba yake, watu huuliza maswali, na hata washirika wa kanisani walikuwa tayari wanayauliza jikoni wakimenya viazi. Mchungaji alisema mambo ya mbuzi si yake, yeye ataomba mambo yakishapatana. Mbuzi mmoja alikuwa anakula sukuma wiki ya Mama na hakuna aliyemfukuza.

Hapo ndipo binti huitwa aulizwe. Wewe ulikuwa mochari. Mzee mmoja wa ukoo wetu akasema, "Si kuna mdogo wake. Hao walikuwa chumba kimoja."

Baba alinigeukia kwenye kiti chake cha plastiki. "Kanini. Hawa mbuzi tuwachukue?"

Nimekuwa nikijiambia nilinyamaza kwa sababu nilikuahidi. Si kweli, kwa sababu sikunyamaza. Nilisema, "Wachukueni."

Nilichokuwa nikifikiria wakati ule kinanitia aibu hata kukiandika. Nilimwona Musyoka na macho yake mekundu, na moyo wangu ukasema: amerudi. Mutinda amerudi na mwavuli. Miaka minne ya mwezi wa nane ikawa imetimia mbele yangu, kila kitu kikijibu kingine, nami nilitaka sana hadithi yako ipate ukurasa wa mwisho unaopendeza kuliko nilivyotaka iwe yako.

Gauni la kukuzikia alilinunua Musyoka. Jeupe. Mimi na shangazi tuliingia mochari kukuvisha, na mama mmoja wa pale, mwenye glavu, akachukua mkasi na kulipasua mgongoni kutoka shingoni mpaka kwenye pindo. Akalitandaza juu yako, akalikunja pembeni, chini ya mbavu.

"Lilikuwa na zipu," nilisema.

"Hapa hatutumii zipu, mwalimu," alinijibu, si kwa ubaya.

Kutoka mbele ulionekana umevaa. Waombolezaji wa Mukuyuni walipita mmoja mmoja wakasema umependeza. Kwenye msalaba wameandika jina lako, na chini yake, mke.

Sasa ni karibu mwaka. Watu kwenye mtandao bado wanabishana kuhusu ile sura, wengine wakisema mwisho uliiva, wengine kwamba mwandishi alichoka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliouandikia utetezi mrefu. Nimeufuta. Huku kwetu tunajua tofauti ya embe lililoivia mtini na lililoivishwa guniani. Kwa macho, yote mawili ni ya manjano. Ni kwenye kokwa unapokutana na uchachu. Mwisho ule una rangi zote. Mwavuli upo, nyanya yupo, mvua ipo. Kwenye kokwa kuna msichana ambaye hakuna aliyemuuliza. Ulikuwa umeliona hilo ukiwa umelala na miguu imevimba, nami mwenye shahada nikakwambia una uchungu.

Wiki iliyopita Musyoka alinipigia simu. Alisema atapitia Jumamosi kuchukua cherehani ya mke wake, kwamba dada yake mwenyewe anataka kujifunza kushona. Alisema kwa upole. Nikakaa na lile neno, mke, siku mbili, halafu nikamfuata Baba uwanjani alikokuwa akipepeta ndengu.

"Baba, Mwikali hakuja kupumzika. Alikuwa ameachana na Musyoka."

Aliinua ungo, akaushusha, makapi yakaenda na upepo.

"Najua," alisema.

"Alikuambia?"

"Mtu haleti cherehani ya chuma kutoka Mukuyuni mpaka Kyuso ili apumzike."

Nilikaa kwenye gunia. "Sasa mbona uliniuliza mbele ya watu?"

"Nilikuuliza ili useme hapana." Hakuniangalia. "Mimi nikikataa, ni mzee mkaidi anayezuia maiti. Wewe ungekataa, ningesema mtoto amesema. Nilikungoja, Kanini."

Alipepeta mpaka ndengu zikaisha. Nilimsaidia kuokota zilizomwagika. Mimi nilikuwa nimekitunza kile ulichonikataza kusema, Baba alikuwa ametunza kile alichokiona mwenyewe, na katikati yetu wewe ukavishwa.

Jumamosi Musyoka alikuja na pikapu. Amekonda. Mama alimpa chai, akainywa yote, akasimama kuelekea chumbani. Nilikuwa mlangoni.

"Hapana," nilisema.

"Hapana nini, shemeji?"

"Cherehani haiendi. Mwikali alikuwa amekuacha. Aliondoka kwako na kila kilichokuwa chake, na hakuwa anarudi."

Alimtazama Baba, kama mtu anayengoja mkubwa amkemee mtoto. Baba alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Mtoto amesema," Baba akasema.

Nilidhani Musyoka angepiga kelele. Alikaa chini tena, kwenye kiti kilekile. Akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Mbona hamkuniambia nilipokuja na mbuzi?"

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kulia, kwa kuwa nyumbani kwetu ndiye pekee aliyekuwa anasikia haya kwa mara ya kwanza. Tulimficha hata yeye. Musyoka aliondoka na pikapu tupu. Hakusema kama ataubadilisha msalaba, na mimi sikuwa na uso wa kumwomba.

Sijui nilifikiri nini kingetokea nikishasema. Labda kwamba kitu kingejifungua. Kaburi liko palepale, dada, upande wa pili wa safari ya siku nzima, katika shamba la watu uliowakimbia, na uko hapo kwa neno langu moja. Hapana yangu ya Jumamosi imeokoa chuma. Imechelewa kuliko Mutinda.

Cherehani iko dirishani. Sindano bado ina uzi wako wa samawati, na chini ya kiguu kinachobana nguo kuna kipande cha kitambaa ulichoanza kukikunja pindo. Mama aliniomba jana nikimalizie, ni pindo fupi tu. Nilimwambia sitakigusa. Nimejifunza kwa gharama yako kutomaliza cha mtu mwingine.

Kwenye simu yangu ukurasa wa mwisho bado umefunguka. Nimechora kwa kalamu, kwenye karatasi, kisanduku kimoja cha kuutangulia. Syombua yuko ndani, amevaa sketi yake ya kila siku yenye marinda uliyoyakosoa, na mdomo wake uko wazi. Sikumwandikia maneno. Ni yake.

Lala, Mwikali. Ulikuwa umesoma vizuri.

Mdogo wako, aliyeulizwa badala yako.