Papa Umeme Hapiti Bila Kusalimia

Kambale, rafiki yangu,

Tangu utuache, Papa Umeme, shujaa wetu wa vitabu vya picha, anaruka vibaya. Abakosti uliyomvisha, ile suti isiyo na tai, ikamkaa vizuri namna ile, mimi naichora inakuwa kama gunia la makaa. Unajua kazi yangu ilikuwa maneno tu, picha zilikuwa zako. Sasa nafanya yote peke yangu, hapa kwenu Murara, kwenye meza ambayo mama yako amekataa isihamishwe. Naandika neno la kuchekesha, nalisoma kwa sauti, halafu nanyamaza nikingoja ucheke. Kila mara najisahau hivyo. Ni upweke mbaya sana, Kambale.

Ulipozikwa nilitaka kuacha. Lakini watu hawakunipa nafasi, kila nilikopita waliuliza kitabu kipya kiko wapi. Nikajikaza. Nilitaka kiwe kikubwa kwa ajili yako, kwa hiyo nikatia volkano inayotema moto, na lori limejaa watu linateleza kwenye barabara ya Kibumba. Papa Umeme anatoka Goma, anaruka moja kwa moja, ukurasa wa pili tayari amelinyanyua lori. Nikakichapa kwenye mashine ya parokia, nikakigawa.

Wakakirudisha. Unamkumbuka fundi cherehani wa Majengo, yule anayewasomea wateja wake kwa sauti? Alinitilia kitabu mkononi mbele ya watu.

"Huyu haiko Papa Umeme," akasema. "Papa Umeme hapitake juu ya bazee bila kusalimia. Huyu hana heshima."

Nikamwambia kuna watu wanakufa ndani ya lori. Akanijibu, "Hata kama."

Nilirudi nimenuna. Baadaye nikaanza kukumbuka tulivyomtunga, wewe ukisema huyu atakuwa na nguvu zote za dunia, lakini amelelewa na mama. Mtu mzima akimwita kutoka chini, lazima ashuke. Atoe mikono miwili, aulize habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za mguu unaouma, naye mzee hana haraka yoyote. Ndiyo maana alichelewa kila mahali, na mtaani wakasema jina limemfaa, hata umeme wenyewe huja unapotaka.

Mimi kila kitabu nilitaka adui mpya mwenye nguvu kuliko wa jana. Wewe ulitaka mzee mpya tu. "Baadui banachokesha," uliniambia. "Bazee habaishake." Nilidhani kusema maadui wanachosha na wazee hawaishi ni mzaha tu. Kumbe wasomaji walijua fika kwamba atafika na kwamba atashinda. Hawakujua tu safari hii atakamatwa na nani njiani, na katika salamu hizo ndefu litatoka neno gani la kumsaidia. Walikuwa wakingoja hilo. Mimi nikamwongezea nguvu, nikamnyang'anya malezi yake.

Basi nikaanza upya. Lori lile lile, barabara ile ile. Ila nilihitaji mtu wa kumsimamisha, na sura haikuja. Mama yako alikuwa ameketi uani akichagua maharage. Nikamchora yeye, na ungo wake, nikamweka kando ya njia kule Kibumba. Anamwona Papa Umeme angani, anamwita, "We mutoto, unaenda wapi mbio ivi?" Papa Umeme anashuka.

Kwa kuwa mama hasomi, nilikaa karibu yake nikamsomea. Alisikiliza salamu zote huku akiendelea kuchagua maharage. Umelala namna gani, umekula nini, kwa nini umekonda. Nikafika pale Papa Umeme anapoaga ili aende kuwaokoa wale watu. Mama akaweka kiganja chake juu ya picha.

"Ngoja kwanza," akasema. "Aikale kidogo."

Alitaka akae, hakuondoa mkono. Nami sikuweza kufungua ukurasa, tukakaa hivyo, na nililia, Kambale, sikuficha.

Lala salama, ndugu yangu. Nimeongeza kurasa ambazo ndani yake hakuna anayeruka. Papa Umeme ameketi chini, amekunja mikono ya abakosti, anachagua maharage na mama yako. Nakuahidi, katika kila kitabu nitakachotengeneza, hata mji ukiungua, atapita kwa mama kwanza na atakaa. Watu wa lori watanisamehe.